Pua ya Kaboni na Kisu cha Kukunja: Istilahi na Matunzo Yake

Katika kazi ya kuunda na kusanifu istilahi, aghalabu macho yetu huelekea maabara, mahakamani na maofisini. Ni nadra kuelekea mfukoni mwa mkulima, mfugaji au mchimbaji wa dhahabu, ingawa humo nako mna zana zenye kuhitaji majina ya hakika. Katika makala haya tunakusudia kuzungumzia zana moja ndogo, yaani kisu cha kukunja cha pua ya kaboni, kama kinavyotumika Shinyanga na katika ukanda wa dhahabu wa Geita. Tutaonyesha kwamba kukitunza kisu hicho na kukitaja ipasavyo ni kazi mbili zisizotengana.

Sababu ya kuandika ni hii. Mfugaji mmoja wa Shinyanga alitusimulia kwamba alinunua kisu cha kukunja mnadani, akaambiwa na mwuzaji kuwa ni cha "chuma cha pua". Yeye alikuwa amelisoma neno hilo kwenye sufuria za nyumbani kwake, akajua maana yake ni chuma kisichoshika kutu. Basi akakatia maembe, akakisuuza, akakikunja kikiwa kimaji, akakitia mfukoni. Masika hayakwisha kabla kisu hakijaganda. Siku alipokilazimisha kufunguka kilifyatuka kikamkata kidole hata mshipa. Mwuzaji hakusema uongo, wala mnunuzi hakuwa mjinga. Kila mmoja alilitumia neno lile lile kwa maana yake. Kosa lilikuwa katika istilahi, na aliyelipa ni kidole.

1. Chuma, pua na pua ya kaboni

Neno pua kwa maana ya chuma kigumu si geni katika Kiswahili. Limo katika kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939, na pamoja nalo limo neno feleji, ambalo wengi hulijua kwa sababu ya upanga wa feleji. Katika matumizi hayo ya asili, pua na chuma cha pua ni kitu kimoja: ni chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo, kikapata ugumu.

Kiasi hicho cha kaboni ndicho kinachotenganisha aina za chuma. Chuma laini, ambacho fundi hukikunja apendavyo, huwa na kaboni kidogo mno. Chuma cha kusubu huwa na kaboni nyingi, kupita asilimia 2, nacho huvunjika kikigongwa. Kati ya hivyo viwili imo pua. Pua ifaayo kwa visu huwa na kaboni ya kiasi cha asilimia 0.5 hadi 1. Mwaka 1913, Harry Brearley wa mji wa Sheffield, Uingereza, alipata aina nyingine kwa kuongeza kromi. Pua ya namna hiyo leo huwa na kromi isiyopungua asilimia 10 na nusu hivi, nayo hustahimili kutu.

Tatizo limezuka kwa kuwa siku hizi matangazo mengi ya vyombo vya nyumbani hulitumia jina "chuma cha pua" kwa aina hiyo ya Brearley peke yake. Kwa hiyo jina la jinsi limefanywa jina la mtoto mmoja, na ndugu zake wamebaki bila jina. Tunapendekeza mgawanyo ufuatao. Pua iwe jina la jinsi. Pua ya kaboni iwe ile ambayo ugumu wake wategemea kaboni na ambayo haina kinga ya kromi. Pua kinzakutu iwe ile ya kromi.

Wapo watakaouliza kwa nini tusiseme "pua isiyoshika kutu". Jibu letu ni kwamba jina hilo laahidi zaidi ya linavyoweza kutimiza. Pua hiyo nayo hushika kutu ikiachwa muda mrefu katika chumvi. Neno kinzakutu lasema kwamba inapingana na kutu, wala halisemi kwamba inashinda siku zote. Wapo pia watakaocheka kwa sababu pua ni kiungo cha uso. Lakini Kiswahili kina maneno mengi ya namna hiyo. Neno kaa ni mnyama wa pwani, ni kipande cha mkaa na ni kitenzi, wala hakuna aliyepata kuketi juu ya mnyama kwa kuchanganyikiwa na lugha.

2. Ujuzi wa chuma katika nchi hizi

Isidhaniwe kwamba pua ya kaboni ililetwa na meli. Mwaka 1978, Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba wahunzi wa kale wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, waliweza kupata pua ya kaboni katika tanuri zao zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Wataalamu wamebishana kuhusu namna joto lilivyopatikana, lakini ustadi wa wahunzi wale haukukanwa.

Karibu zaidi na mahali tunapopazungumzia walikuwapo Warongo wa Uzinza, katika nchi ambayo leo ni Geita, Sengerema na Biharamulo. Hao walijulikana kwa kuyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe. Jembe, ambalo Wasukuma huliita igembe, lilikuwa zana ya shamba na pia mali ya kutolea mahari. Kahama nako kulikuwa na tanuri za chuma. Basi maneno kama mhunzi, fuawe, mvukuto na koleo yana watu na mahali pake katika ukanda huu, hata kabla haujajulikana kwa dhahabu. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Hata hivyo mchimbaji mdogo bado hutegemea pua ya kaboni kila siku, kwani sululu, mtaimbo na moko yake ni za pua hiyo hiyo.

Kisu cha kukunja chenyewe kilifika kwa njia ya biashara. Kile cha Okapi kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kwa ajili ya makoloni ya Kijerumani ya Afrika. Baadaye utengenezaji wake ulihamia Afrika Kusini. Kile cha Opinel chatoka Savoie, Ufaransa, tangu mwaka 1890. Vyote viwili vina mpini wa mti na bapa la pua ya kaboni, ingawa Opinel hutengenezwa pia kwa pua kinzakutu. Aidha, wahunzi wetu hufua visu kwa vipande vya springi za magari, ambazo nazo ni pua.

3. Viungo vya kisu

Kwa viungo vya kisu, lugha yetu ina hazina kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Tunapendekeza haya:

Bapa: sehemu pana ya chuma, kutoka mpinini hadi nchani.
Makali: ukingo unaokata.
Mgongo: ukingo mnene unaoelekeana na makali.
Msuka: mwisho wa chuma unaoingia mpinini. Ni neno la kale la jembe na kisu, nalo lafaa kuhuishwa.
Bawaba: kiungo ambapo msuka huzunguka, pamoja na msumari wake.
Kamani: chuma chenye kunesa kilichomo mgongoni mwa mpini, ambacho hukibana kisu.
Komeo: kizuizi kinachozuia bapa lisijikunje kazini. Katika Okapi hulegezwa kwa kuvuta pete.
Noleo: pete ya chuma inayozunguka mdomo wa mpini. Katika Opinel, noleo ndilo komeo. Kwa kuwa wengine huliita jiwe la kunolea kwa neno hili, tunashauri jiwe libaki kuitwa kinoo.
Mfuo wa ukucha: mchirizi ubavuni mwa bapa, wa kutilia ukucha wakati wa kukunjua.

Kuhusu kisu chenyewe, tumeona neno kijembe halifai, maana limekwisha kupewa wembe na pia maneno ya kuchoma. "Kisu cha kukunja" latosha, hasa kwa kuwa vitenzi kunja na kunjua vyaeleza vizuri kazi zake mbili. Tena kisu hiki hakihitaji ala, kwa sababu mpini ndio ala yake.

4. Kukitambua

Mnunuzi asitegemee sumaku, kwani pua kinzakutu itumikayo kwa visu nayo huvutwa na sumaku. Njia rahisi ni tone la ndimu. Likiachwa kwa dakika kadhaa juu ya bapa safi, pua ya kaboni itaacha doa la kijivu, na pua kinzakutu itabaki ilivyo. Mwenye jiwe la kusagia atazame cheche: pua ya kaboni hutoa cheche nyingi zinazopasuka kama nyota, hali pua kinzakutu hutoa chache.

5. Kutu na utando

Hapa pana tofauti ambayo lugha haijaipatia jina, na kukosekana kwa jina kumeharibu visu vingi. Pua ya kaboni ikitumika kukatia nyama na matunda, polepole hugeuka rangi ikawa ya kijivu au nyeusi. Rangi hiyo si kutu ile nyekundu. Ni ganda jembamba lililoshikamana na chuma, nalo husaidia kuikawiza kutu nyekundu. Wengine huiita "kutu nyeusi", na kwa kuwa imeitwa kutu, huisugua kwa mchanga mpaka bapa ling'ae. Kumbe wameivua nguo. Tunapendekeza iitwe utando. Hivyo itawezekana kusema kwa ufupi: kutu huondolewa, utando huachwa.

Kutu nyekundu hula chuma na kuacha mashimo. Ikionekana, isuguliwe mapema kwa majivu laini na kitambaa chenye mafuta. Kinga yake ni ukavu. Kisu kifutwe kila baada ya kazi, nacho kisikunjwe kikiwa kimaji, kwa sababu unyevu hukaa bawabani ambako jicho halifiki. Mchimbaji ana hatari nyingine, kwani maji ya mashimo yenye mawe ya salfa huweza kuwa na asidi. Yampasa akisuuze kisu kwa maji safi, akikaushe, kisha akitie mafuta.

Mafuta ya pamba, ijapokuwa ni mazao ya nchi hizo, hayafai bawabani, maana yakikaa hunata kama gundi. Tone moja la mafuta ya cherehani latosha. Kwa bapa linalokata chakula, mafuta ya nazi kidogo yafaa zaidi. Nasi twaonya: kisu kilichotumika penye zebaki kisikate chakula kamwe.

6. Kunoa

Wazee husema, kinolewacho hupata. Kitenzi kupata hapa maana yake ni kuwa na makali, kama tusemavyo "kisu hiki hakipati". Kisu kilazwe juu ya kinoo kilicholowa, mgongo ukiinuliwa kidogo, kiasi cha nyuzi 20, na pembe hiyo isibadilike. Baada ya muda, upande wa pili utaota ncha nyembamba ya chuma iliyokunjamana, inayokwaruza kidole kikipitishwa polepole kutoka mgongoni kuelekea makali. Tunapendekeza iitwe unyuzi wa makali. Unyuzi ni dalili kwamba upande mmoja umekwisha. Hugeuzwa kisu, na mwishowe unyuzi huondolewa kwa kukipapasa juu ya ngozi.

Jiwe la kusagia la baiskeli au la umeme litumiwe kwa hadhari. Ugumu wa pua ulipatikana kwa hatua mbili: kukaza, yaani kuipasha pua mpaka iwe nyekundu na kuichovya ghafla, na kutuliza, yaani kuipasha tena kwa joto dogo ili isivunjike kama kioo. Jiwe kavu likizidisha moto, makali hugeuka rangi ya majani makavu, kisha buluu. Buluu hiyo, ambayo hutokea karibu na nyuzi 300 za Selsiasi, ni ishara kwamba ugumu umepungua. Kisu hicho kitanoleka, lakini hakitadumu. Fundi akichovye majini kila mara.

7. Tamati

Tumependekeza maneno machache, na mengi kati yake hatukuyabuni. Tumeyatoa kabatini, tukayafuta vumbi na kuyagawia kazi. Twawaomba wasomaji wa Shinyanga, Kahama na Geita watuletee majina yatumikayo minadani, mashimoni na kwa wahunzi, hasa ya kukaza, kutuliza na unyuzi. Jina la fundi likiwa bora kuliko letu, letu na liondoke. Yule mfugaji angali anakitumia kisu chake. Kidole kimepona, na bapa limefanya utando. Alilokosa siku ya mnada ni neno moja tu, na neno hilo ni wajibu wetu kumpatia yeye na mwuzaji wake pia.