Mjane wa La Digue, kumbe dume!

Wiki hii sina habari za mapenzi wala za disko. Nina habari za mjane. Anavaa nyeusi kuanzia utosini mpaka mkiani, hapendi kelele, na ukimkuta kivulini utaapa kwamba yumo edani. Kumbe bwana, hajafiwa na mtu! Ni ndege. Tena dume.

Binti wa shangazi yangu anapika kwenye hoteli moja huko Shelisheli, na mwaka jana alinikaribisha nikamtembelee. Kisiwa anachokaa kinaitwa La Digue. Ni kidogo, kilomita za mraba kama 10 tu, na watu wengi wanatembelea baiskeli. Siku yake ya mapumziko akaniambia, "Mdogo wangu, leo nakupeleka kwa mjane wetu." Mimi nikachomekea shati, nikachana nywele, nikijua naenda kuamkia mtu mzima. Akanipeleka msituni. Alicheka mpaka akashuka kwenye baiskeli.

Jina lenyewe ni la Kifaransa, Veuve, yaani mjane. Watu wa kule walipouona ule mkia mrefu mweusi unaoning'inia kama kaniki, wakaona hili ni vazi la msiba. Wataalamu wanamwita Terpsiphone corvina, na anaingia katika kundi la ndege wanaodaka wadudu. Kisiwani kwake ametengewa kimsitu cha hifadhi chenye jina hilohilo la Veuve.

Tukakaa kimya chini ya miti. Dakika ishirini, hola. Mbu tu. Mara kikaja kindege chenye kichwa cheusi, mgongo wa rangi ya kutu na tumbo jeupe, mkia wa kawaida. Kikatua karibu kabisa, kikanyofoa mdudu kwenye jani, kikaruka. Mimi hata sikukijali. Nikamnong'oneza dada, "Huyu siye, mimi namtaka mweusi." Mzee aliyekuwa akitutembeza akauliza nimesema nini. Dada akamtafsiria kwa Kikreoli. Mzee akatikisa kichwa, akasema neno ambalo dada alinigeuzia hivi: "Mwambie huyo ndiye mke mwenye nyumba. Asipokuwepo yeye, huyo mweusi atabaki kuwa mjane kweli."

Duh! Nikanywea.

Basi nawe ukibahatika kufika, usifanye kosa langu. Dume ni mweusi mwili mzima, anang'aa ubuluu akipigwa na mwanga, na mkia wake unazidi urefu wa mwili. Jike ni yule niliyemdharau. Makinda nao wanafanana na mama yao, kwa hiyo si kila wa rangi ya kutu ni jike. Usimfukuze ndege huyu. Simama mahali pamoja, tulia, tega sikio. Kwa kawaida utamsikia kabla hujamwona.

Halafu angalia amekaa mti gani. Hapo ndipo penye kasheshe yenyewe. Anapenda miti mikubwa ya asili yenye majani mapana, hasa mtondoo, ambao wao wanauita takamaka, na mkungu huu huu tunaookota kungu zake. Anapenda zaidi iwe kwenye tambarare, karibu na maji baridi yenye wadudu wengi. Kiota anakining'iniza kwenye ncha ya kijitawi chembamba, na humo hutaga yai moja tu. Moja! Panya akilipata, au paka akimnyaka kinda, kazi yote imekwenda na maji.

Sasa jiulize, tambarare yenye kivuli na maji nani mwingine anaitaka? Mimi na wewe. Ndipo watu wanapojenga nyumba, hoteli na barabara. Zamani ndege huyu aliishi pia kwenye visiwa jirani. Miti ikafyekwa, akapungua, mpaka ikafika mahali makazi yake ya kudumu yakabaki La Digue peke yake. Miaka ya 1990 ukazuka ugonjwa wa kunyausha mitakamaka, mambo yakazidi kuwa mabaya. Dunia nzima, kisiwa kimoja. Moto mmoja au ugonjwa mmoja ungetosha kummaliza.

Wenyewe hawakukaa kulia. Mwaka 2008 walichukua ndege 23, madume kwa majike, wakawapeleka kisiwa cha Denis, ambako panya na paka walikuwa wameshaondolewa na miti ya asili imerudishwa. Wageni wakazoea, wakajenga viota, wakazaa. Mwaka 2020 ndege huyu akatolewa kwenye daraja la walio ukingoni kabisa mwa kutoweka, akashushwa mpaka daraja la walio hatarini kiasi. Hajapona, maana wote duniani bado ni mamia tu. Lakini wale 23 wasingefua dafu kama wangechaguliwa kwa uzuri wa mkia. Wangepelekwa madume watupu, basi tungekuwa na kisiwa kizima cha wajane.

Dume tulimwona jioni, tukiwa tumeshakata tamaa. Alipita juu ya njia, mkia unamfuata nyuma kama utepe, akaingia mkunguni. Yule wa rangi ya kutu alikuwa humo tayari, mdomoni kashika mdudu.

Hapa Dar uani ninapopanga upo mkungu mmoja. Ndugu yao mmoja huwa anakuja asubuhi, kichwa cheusi, mkia mrefu wa rangi ya kutu, na miaka yote sikuwahi kumtazama mara mbili. Mwenye nyumba anataka kuukata mti ajenge fremu mbili za duka. Juzi nilimfuata, nikamwamkia, nikamsimulia habari za mjane. Akaniuliza kama huyo ndege atamlipa kodi. Nikakosa jibu. Mpaka naandika haya, mti bado umesimama, na mimi bado natafuta jibu.

Wiki ijayo, panapo majaliwa.