Ukurasa wa Hafla Kwenye Intaneti: Namna ya Kuita Watu Wakaja



Siku hizi vikundi vingi vya hapa Kwa Vonza na vijiji jirani vinatangaza shughuli zao kwa ukurasa wa hafla kwenye Facebook. Tangu mwaka wa 2024 WhatsApp nayo imekuwa na sehemu ya kuunda hafla, kwa hivyo hata kikundi kidogo cha akina mama kinaweza. Lakini malalamiko tunayosikia ni yale yale: wengi wamebonyeza kwamba wana hamu ya kuja, na siku ikifika viti vinabaki vitupu. Tukiwa tumeita wauguzi waje kupima presha na sukari bure, huo si mchezo. Mama ambaye presha yake imepanda bila yeye kujua ndiye tuliyemtaka, na ndiye hakuja.

Wazee wetu walipoita mwethya wa kuchimba matuta, mtu alijua kila kitu kabla mjumbe hajaondoka pale uani: ni boma la nani, ni kazi gani, ni siku gani, na kama atabeba jembe au sururu. Ukurasa wa hafla ni mjumbe kama yule. Tofauti ni kwamba huyu ukimuuliza swali hajibu, anasema yale tu uliyomwandikia.

Tena kuna jambo moja ambalo vikundi vingi havijalifikiria. Anayesoma ukurasa mara nyingi siye atakayekuja. Anayesoma ni kijana aliye Nairobi au Machakos mwenye simu kubwa na bando. Atakayekuja ni mama yake hapa nyumbani mwenye simu ya kubonyeza. Kwa hivyo andika maneno ambayo kijana huyo anaweza kumwambia mama kwa simu kwa pumzi moja: “Mama, Jumamosi kuna kupimwa presha bure pale sokoni, enda na kitambulisho.” Kama ukurasa wako hauwezi kufupishwa hivyo, basi bado haujaandikwa vizuri.

Tuanze na jina la hafla. “Siku Kuu ya Uhamasisho wa Jamii” haimwambii mtu lolote. Ukituma kiungo kwa WhatsApp, kinachoonekana ni picha na maneno machache ya kwanza ya jina, mengine yanakatwa. Weka mbele kile mtu atapata, halafu mahali: “Kupima presha na sukari bure, soko la Kwa Vonza.” Majina ya mgeni rasmi na wafadhili yakae chini kabisa. Tunajua hapo kuna wenyeviti watanuna, lakini hakuna mtu anayepanda bodaboda kwa sababu ya jina la mwenyekiti.

Saa ndiyo inaharibu hafla nyingi, na hapa tungependa msomaji atulie kidogo. Sisi tunasema saa tatu asubuhi, lakini simu inahesabu 9:00. Anayejaza ukurasa akiandika 3:00 kwa mazoea, simu itaweka ama saa tisa ya usiku ama saa tisa ya mchana, kutegemea kama amechagua AM au PM. Halafu simu za watu zitawakumbusha kwa saa hiyo isiyo yake. Weka 9:00 AM pale penye saa, kisha chini kwenye maelezo andika kwa maneno “saa tatu asubuhi”. Na kuna ule ujanja wa kuandika saa mbili ili watu waje saa nne. Wachache waliofika mapema watakaa kwenye jua, na mara ya pili nao watakuja saa sita. Afadhali useme ukweli: wauguzi wanaanza saa tatu, mwisho wa kupokea watu ni saa nane.

Tarehe nayo iandikwe yote, siku, mwezi na mwaka. Ujumbe ulioandikwa “Jumamosi hii” husambazwa kutoka kundi hadi kundi hata baada ya wiki tatu, na kila anayeupata anadhani ni Jumamosi yake. Kabla hujachagua tarehe angalia mawingu. Hapa Ukambani mkulima anategemea zaidi mvua za Oktoba hadi Disemba, na zikianza kunyesha hakuna ukurasa utakaomtoa shambani. Kuhusu siku ya soko watu hawakubaliani. Ni kweli watu wapo tayari, nauli wameshalipa. Lakini mama anayeuza nyanya hawezi kuacha meza yake saa nzima. Kwa kupima presha siku ya soko inafaa, kwa semina haifai.

Halafu mahali. “Kwa Vonza” peke yake haitoshi, maana jina hili ni la soko na pia limo katika jina la wadi ya Kwavonza/Yatta, ambayo ni kubwa. Isitoshe, wengi huko nje wakisikia Kwa Vonza wanafikiria SEKU, kile chuo kikuu kilichopewa hati yake mwaka wa 2013, na kambi yake kuu haiko pale sokoni kwenye lami. Mgeni akifuata ramani ya simu bila maelezo anaweza kupita mahali penu akaenda zake. Weka alama kwenye ramani, sawa, lakini pia eleza kwa maneno: kwa anayetoka Machakos kupitia Wamunyu na kwa anayetoka Kitui mjini, ashuke wapi, aulizie nini, na bodaboda ni pesa ngapi.

Picha iwe ya shughuli yenyewe, kwa mfano mkono ukifungwa kile kitambaa cha kupimia presha. Bango lililojaa maandishi madogo halisomeki kwenye simu. Na msiweke sura za wagonjwa au za watoto hivi hivi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inataka mwenyewe akubali, na kwa mtoto akubali mzazi au mlezi.

Ikiwa ni harambee, msiweke nambari ya mtu binafsi. Matapeli hunakili ukurasa na kubadilisha nambari tu. Tumieni nambari ya malipo ya kikundi, na muandike jina litakalotokea kwenye M-Pesa kabla mtu hajathibitisha, ili likiwa tofauti asitume. Chagueni pia watu wawili wa kujibu maswali. Swali lililokaa siku tatu bila jibu linawafukuza hata wale ambao hawakuliuliza.

Hafla ikiahirishwa msifute ukurasa. Badilisheni tarehe, na waliobonyeza watapata habari.

Hesabu ya waliobonyeza msiitumie kupikia chakula. Siku mbili kabla, andikeni swali pale ukurasani: “Unakuja na nani, na mtatoka wapi?” Wanaojibu ndio wa kuhesabu.

Maneno yale yale ya ukurasa yapelekwe kwa baraza la chifu, kwa matangazo baada ya Misa, na kwa Musyi FM kama pesa zipo, bila kubadilisha saa wala mahali. Na siku yenyewe wekeni mtu mlangoni na daftari, aulize kila anayeingia: “Umesikia wapi?” Mama akijibu “kijana wangu alinipigia simu kutoka Nairobi”, huyo mumwandike kwenye safu ya intaneti, hata kama yeye mwenyewe hajawahi kuuona ukurasa wenu.