Kuichambua Sentensi ya Kiingereza: Kiima, Kitenzi na Kishazi Tegemezi (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ilihusu sentensi fupi. Leo ni zamu ya zile ndefu, ambazo humkwamisha kijana wa Nyamagana au Ukerewe aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia Kidato cha Kwanza na kukuta karibu masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Mara nyingi jibu la swali la jiografia analo kichwani. Kinachomponyoka ni nani, katika sentensi ile, anafanya nini.

Chukua mfano huu: “Before the bridge opened in 2025, many people who lived in Sengerema crossed the gulf by ferry.”

Habari yenyewe inajulikana Mwanza nzima. Kabla Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, halijafunguliwa Juni 2025, watu wengi wa Sengerema waliivuka Ghuba ya Mwanza kwa kivuko. Kazi ianze kwenye vitenzi vinavyoonyesha wakati: “opened”, “lived”, “crossed”. Vitenzi vitatu, kwa hiyo vishazi vitatu. Kila kitenzi kiulizwe “nani?” au “nini?”, nacho kitataja kiima chake: “the bridge”, “who”, “many people”. Kisha yatafutwe maneno yanayofungua kishazi tegemezi, hapa “before” na “who”. Kishazi kilichobaki bila neno la namna hiyo ndicho kishazi huru: “many people crossed the gulf by ferry”. Hicho kinaweza kusimama peke yake. Vile viwili haviwezi.

Mitego iko mitatu.

Wa kwanza ni “-ing”. Katika “The women drying dagaa on the sand sell them at Kirumba”, wanafunzi wengi hulishika neno “drying” kuwa kitenzi kikuu. Bila kitenzi kisaidizi kama “are”, neno hilo halibebi wakati. Linaeleza tu ni wanawake gani. Kitenzi kikuu ni “sell”.

Wa pili ni nomino iliyo jirani na kitenzi. Mtu akisema “Mitumbwi iliyo karibu na kisiwa inavuja”, kiambishi i- kinamtaja mwenye kitenzi waziwazi. Kingekuwa kisiwa, tungesikia “kinavuja”. Kiingereza hakina msaada huo mkubwa, kina “-s” tu. Ndiyo maana “The boats near the island leak” huandikwa kimakosa “leaks”. Mwanafunzi afunike “near the island” kwa kidole, kiima kitajitokeza.

Wa tatu ndio mgumu zaidi: “The perch the men caught last night weighed forty kilos.” Neno “that” limedondoshwa baada ya “perch”. Kiswahili hakiruhusu hivyo, kwani “sangara waliyemvua” lazima abaki na -ye- yake. Zikionekana nomino mbili zimefuatana hivi, na mbele yake vitenzi viwili, kishazi tegemezi kimejificha katikati.

Zoezi la wiki hii linatoka kwa wavuvi wanaotegemea taa usiku wa giza: “When the moon is bright, crews that fish for dagaa stay ashore because their lamps attract few fish.” Vitenzi ni vinne. Msomaji aandike kiima cha kila kimoja na kupigia mstari kishazi huru. Majibu yatatolewa katika sehemu ya tatu.