Mabenda ya Kaskazi Hayangoji

Kaskazi ikikaza, kuanzia Disemba hadi Machi, mboga sokoni hupanda bei na nyumba nyingi hurudia maharagwe kila usiku. Lakini mabenda hulipenda jua hili hili letu.

Roweka mbegu usiku mmoja, kisha uzipande kwenye debe kuukuu lililotobolewa chini, lenye udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Mwagilia shinani, asubuhi mapema au jioni, na ufunike udongo kwa makumbi ili unyevu usipotee. Kama maji ya kisima chenu yana chumvi, tumia yale uliyooshea mchele.

Baada ya kama miezi miwili utaanza kuchuma, na hapa ndipo wengi hupoteza jasho lao. Benda likiachwa likomae huwa gumu kama ukuni, na mti ukishapata mbegu hupunguza kuzaa. Watu husema umezeeka, wakaung'oa. Basi chuma kila baada ya siku mbili, benda likiwa na urefu wa kidole, na ukate kwa kisu. Hata kama leo hupiki, chuma umpe jirani. Mti unaochumwa ndio unaozaa.