Maradhi ya bahari yaanzia bara

Maji hufuata mkondo, walinena wahenga. Kwa miaka mingi nilidhani methali hii yahusu tabia za binadamu tu. Niliposimama ufuoni Malindi baada ya mvua za vuli, nikaiona bahari imegeuka rangi ya udongo mwekundu, nilitambua kwamba yahusu pia maji yenyewe.

Udongo ule haukuwa wa Malindi. Uliletwa na mto Sabaki, unaoingia baharini kaskazini ya mji huo. Nilipokuwa mwanafunzi nilikariri kwamba Athi, Galana na Sabaki ni majina matatu ya mto mmoja, wa pili kwa urefu nchini baada ya Tana. Nikapata alama zangu, nikasahau. Hakuna aliyeniuliza mto huo unabeba nini. Nami nilipopata kuwa mwalimu, sikumwuliza mwanafunzi yeyote swali hilo. Kosa hilo nalikiri leo, maana naamini si langu peke yangu.

Basi na tuufuate mto. Huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, ukapokea maji ya mto Nairobi pamoja na taka za jiji, ukapita Ukambani kandokando ya uwanda wa Yatta, kisha ukakutana na mto Tsavo na kuitwa Galana. Njiani, kila shamba lililolimwa mteremkoni bila makingamaji, kila kilima kilichonyolewa miti kwa ajili ya makaa, na kila malisho yaliyokanyagwa yakabaki vumbi tupu, huutoza mto mzigo mpya. Mvua kubwa ya kwanza baada ya kiangazi huukomba udongo huo wote.

Wanaoupokea ni viumbe wa baharini. Wengi wetu hudhani matumbawe ni mawe. La hasha! Hao ni wanyama wadogo wanaojijengea nyumba za chokaa, na ndani ya miili yao huishi vijimea vinavyowatengenezea chakula kwa mwangaza wa jua. Maji yakichafuka, mwangaza haupenyi. Tope likiwatulia, hutumia nguvu zao kujipangusa badala ya kukua. Nyasi za baharini, ambazo ni malisho ya kasa, nguva na tafi, nazo hukosa jua. Wakati wa kusi udongo wa Sabaki husukumwa kaskazini. Lakini kaskazi ikishika, mara baada ya vuli, tope huelekea kusini, kwenye matumbawe ya hifadhi ya Malindi iliyotengwa tangu 1968. Sheria yaweza kumzuia mvuvi asiingie humo na nyavu zake. Udongo haujui sheria.

Juu ya msiba huo umekuja mwingine. Moshi wa viwanda na magari ya ulimwengu unaipasha dunia joto, na bahari nayo yapata joto. Joto likizidi, matumbawe huvitapika vile vijimea, yakabaki meupe kama mifupa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka wa 1998, sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu ilipokufa. Isitoshe, bahari yenye joto huipa hewa mvuke mwingi zaidi, na mvua zikija huja kwa kishindo, kama tulivyoona 1997, 2019 na 2023. Tumbawe lililochomwa na joto lahitaji maji safi ili lipone. Sisi twalipelekea tope.

Asemaye natia chumvi na aende Mwache, hori iliyo magharibi ya kisiwa cha Mombasa. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilishusha huko mchanga na tope jingi hata mizizi ambayo mikoko hupumulia ikafunikwa. Mikoko ikafa imesimama. Mti unaosifiwa kwa kustahimili tope uliuawa na tope! Na mikoko ikifa, samaki hukosa malezi, na ufuo hukosa ngao dhidi ya mawimbi.

Sisemi kwamba mto ni adui. Kamba wa ghuba ya Ungwana hunawiri kwa rutuba ya Tana na Sabaki. Lakini dawa ikizidi kipimo huwa sumu.

Wala sisemi kwamba watu wa bara wamelala. Akina mama wa Ukambani, katika vikundi vyao vya mwethya, wamechimba makingamaji kwa miongo mingi. Kila tuta walilolichimba ni zawadi kwa mvuvi wa Malindi, ingawa hawajuani. Kule Gazi, Kwale, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakiitunza mikoko yao tangu 2013, na mapato yake kuyatumia kwa maji na shule. Kazi hizi mbili ni kazi moja. Kwa nini basi serikali izitenganishe, hii ya kilimo na ile ya uvuvi, kana kwamba mto haupo katikati yake? Na kwa nini sisi walimu tuzifundishe katika vitabu viwili visivyojuana?

Kwa mwalimu mwenzangu wa Machakos au Makueni nina ombi dogo. Mvua ikinyesha, waongoze wanafunzi wako hadi mtoni, na maji yakiwa ya kukaribika kwa usalama, wachote kidogo katika chupa ya kioo. Waiweke dirishani mwa darasa hadi kesho yake. Tope litakalotuama chini ya chupa ni shamba la baba yao, lililokuwa safarini kwenda Malindi. Waulize walitaka libaki wapi.