Wanafunzi, filamu yenu itaimba kwa sauti ya nani?

Je, umewahi kutazama filamu ya wanafunzi ukashangaa kusikia wimbo unaovuma redioni ukipigwa huku mama wa kijijini akilia? Picha ni nzuri, waigizaji wamejitahidi, lakini muziki na kisa havisikilizani. Aghalabu kosa si la mtunzi wa muziki, kwani hakuwapo. Muziki ulikumbukwa usiku wa mwisho, filamu ikitakiwa mashindanoni kesho yake.

Tuchukue mfano wa wanafunzi kutoka jijini wanaotaka kutengeneza filamu ya dakika kumi huko Tulia, Kitui. Kisa ni cha msichana anayekosa masomo kwa sababu ya kuchota maji katika mchanga wa mto uliokauka. Je, waanzie wapi?

Mahali pa muziki

Kwanza, mwelekezi na mtunzi waketi pamoja waitazame filamu ikiwa imekwisha kuhaririwa. Kwa kila onyesho waulizane: Hapa pana haja ya muziki? Kisha waandike orodha: uanze sekunde gani, uishe wapi, na mtazamaji ahisi nini. Kwa dakika kumi, muziki wa dakika tatu au nne waweza kutosha kabisa. Kata inayokwaruza mchanga, kwato za punda na mtungi unaojaa polepole ni muziki tosha; ukivifunika kwa kinanda umeua kisa. Hali kadhalika, mahali watu wanapozungumza, ala ziwe chache na sauti iwe chini.

Baada ya hapo huja hesabu. Ikiwa msichana anatembea kwa sekunde 20, na mtunzi amechagua mwendo wa mapigo 90 kwa dakika, basi ana mapigo 30 ya kutumia, wala si zaidi. Ndiyo sababu picha hazifai kubadilishwa tena. Ukiondoa sekunde mbili tu, mapigo matatu yamekosa mahali.

Ngoma ya nani?

Bila shaka wengi watakimbilia kilumi, ngoma ya Wakamba ambayo tangu jadi huchezwa na akina mama, na ambayo hutumiwa pia kuomba mvua. Ni wazo zuri, lakini kilumi si pambo. Kwa wenyewe ni jambo la imani. Waendeeni akina mama hao kwa heshima, muwaeleze filamu inahusu nini, muwaulize kama ngoma hiyo yafaa hapo, na mpatane malipo kabla ya kuwasha kinasa sauti. Wakikataa, shukuruni, kisha mtunzi atunge kitu chake. Hilo si suala la adabu peke yake, kwani Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa na sanaa za jadi, nayo yataka jamii iombwe idhini.

Na gitaa je? Marehemu Kakai Kilonzo, aliyevuma na Kilimambogo Brothers, alifariki 1987. Kwa kuwa haki ya mtunzi nchini Kenya hudumu miaka 50 baada ya kifo chake, nyimbo alizotunga zitalindwa hadi mwisho wa 2037. Filamu yenye wimbo wa namna hiyo bila ruhusa yaweza kuzuiwa kuonyeshwa, na jasho la muhula mzima likapotea. Lakini mtindo wa benga hauna mwenyewe. Sikilizeni gitaa linavyojibizana na besi, kisha mtunge wenu.

Wakubwa pia hufanya hivyo. Katika The Constant Gardener ya 2005, ambayo sehemu zake zilipigwa picha Kibera na Loiyangalani, Mhispania Alberto Iglesias alitunga muziki mpya, akateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Hata hivyo, filamu hiyo ina pia Kothbiro, wimbo wa mpiga nyatiti Ayub Ogada. Jina hilo kwa Kijaluo lina maana ya mvua inakuja. Muziki uliotungwa upya na ule wa wenyeji ulikaa pamoja, kila mmoja mahali pake.

Neno kwa wazazi

Mzazi, kijana wako akikuomba nauli ya kwenda Kitui kurekodi ngoma, usidhani anatafuta matembezi. Muulize maswali matatu: Orodha ya muziki iko wapi? Wenyeji wamekubali? Mkataba na mtunzi umetiwa sahihi? Akijibu yote, mpe.

Nanyi wanafunzi, filamu ikishakamilika, irudisheni Tulia kabla ya kuipeleka mashindanoni. Tandazeni shuka ukutani, akina mama waketi mbele, wajisikie. Hao ndio waamuzi wa kwanza. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa.