Mdogo kwa Umri, Mzito kwa Kazi: Fundisho la Uwanja wa Koshien

Wahenga walinena kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Methali hiyo imekuwa ngao ya kila mtu aliyetangulia kazini, na kwa kweli ina haki yake. Lakini lipo swali moja ambalo methali hiyo hailijibu: mkubwa afanyeje siku ile mdogo wake anapomshinda kwa kazi? Jibu la swali hilo tunaweza kulitafuta katika mchezo wa vijana wa shule katika nchi ya Japani.

Tarehe 20 Agosti, 1983, katika uwanja wa Koshien, karibu na mji wa Osaka, mvulana wa miaka 15 alisimama juu ya kichuguu cha udongo kilicho katikati ya uwanja, mpira mdogo mgumu mkononi. Jina lake lilikuwa Masumi Kuwata, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika shule ya PL Gakuen, naye alikuwa hajatimiza hata miezi mitano tangu kuingia shuleni hapo. Waliomkabili walikuwa vijana wa shule ya Ikeda, mabingwa wa kiangazi cha mwaka 1982 na mabingwa wa mashindano ya majira ya kuchipua ya mwaka 1983. Wengi waliamini kwamba Ikeda wangechukua ubingwa kwa mara ya tatu mfululizo.

Ndugu msomaji, yafaa kwanza tueleze mchezo wenyewe. Besiboli ililetwa Japani mwaka 1872 na mwalimu Mmarekani, Horace Wilson. Mrushaji hutupa mpira kwa nguvu na hila. Mpigaji mwenye gongo hujaribu kuupiga mbali, kisha akakimbia kuvizunguka vituo vinne. Timu hupokezana zamu kwa vipindi tisa. Mashindano ya taifa ya shule yalianza mwaka 1915, na uwanja wa Koshien ulifunguliwa mwaka 1924. Mwaka 1983, maelfu ya shule zilichujwa mikoani hata zikabaki 49 tu. Anayeshindwa mara moja hurudi nyumbani.

Hapo ndipo penye uchungu. Shule hizo zina miaka mitatu ya masomo. Kijana wa mwaka wa tatu akishindwa wakati wa kiangazi, mchezo wake wa shule umekwisha. Hana kiangazi kingine. Ni desturi ya vijana walioshindwa kupiga magoti, machozi yakiwatiririka, wakakusanya udongo wa Koshien katika vifuko ili wauchukue kwao uwe ukumbusho. Kwa hiyo kumpa mtoto wa mwaka wa kwanza nafasi katika timu ni kumnyang'anya kijana wa mwaka wa tatu kitu ambacho hatakipata tena maishani.

Isitoshe, katika shule hizo ukubwa una heshima kuu. Mdogo humwinamia mkubwa, husalimu kwanza, hufagia uwanja na kuokota mipira. Katika bweni la PL Gakuen mwanafunzi mpya alikabidhiwa kwa mkubwa wake, akamfulia nguo na kumtumikia. Msomaji aliyepitia ukuruta hahitaji kuelezwa zaidi.

Kuwata hakuwa na umbo la kutisha. Aidha, alizaliwa tarehe 1 Aprili, 1968, na kwa utaratibu wa Japani wanaozaliwa siku hiyo ndio wa mwisho kuingia katika darasa la mwaka wao. Angezaliwa siku ya pili yake, angesubiri mwaka mzima. Kwa hiyo katika darasa la wadogo, yeye alikuwa mdogo wao. Mwenzake wa darasa, Kazuhiro Kiyohara, yeye alikuwa pandikizi la mtu, mpigaji wa kuogopwa, aliyetimiza miaka 16 mashindano hayo yakiendelea. Mwalimu wao wa mchezo, Junji Nakamura, aliwapanga wote wawili, mmoja kurusha na mwingine kupiga, mbele ya vijana waliowatangulia kwa miaka miwili.

Matokeo ya tarehe 20 Agosti yalishangaza watu. PL Gakuen waliwashinda Ikeda kwa 7 kwa 0. Mtoto yule hakuwaruhusu mabingwa kupata hata pointi moja, na yeye mwenyewe aliupiga mpira ukavuka uzio wa uwanja. Kesho yake, katika fainali, waliishinda shule ya Yokohama Shogyo kwa 3 kwa 0; Kiyohara naye akauvusha mpira uzio. Lakini tazama jambo hili: Kuwata hakuimaliza fainali hiyo. Kazi ilimaliziwa na mrushaji wa mwaka wa tatu, mmoja wa wale ambao wangeweza kununa kwa kupitwa na mtoto. Mkubwa huyo aliingia, akaulinda ushindi ulioanzwa na mdogo wake. Huo nao ni ushujaa, ingawa haupigiwi ngoma.

Vijana hao wawili walicheza Koshien mara tano, wakafika fainali nne na kutwaa ubingwa mara mbili, mwaka 1983 na mwaka 1985. Kuwata alishinda michezo 20 katika uwanja huo. Kiyohara aliuvusha mpira uzio mara 13.

Hata hivyo, hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1980, Daisuke Araki wa shule ya Waseda Jitsugyo, naye wa mwaka wa kwanza, alirusha zaidi ya vipindi 44 bila kufungwa, mpaka alipozuiwa na shule ya Yokohama katika fainali. Wazazi wengi waliwapa watoto wao jina la Daisuke. Mmoja wa watoto hao, Daisuke Matsuzaka, alizaliwa Septemba mwaka ule ule, na mwaka 1998 akawa bingwa wa Koshien. Lakini ili afike huko, alirusha mpira mara 250 katika mchezo mmoja wa vipindi 17.

Hapa ndipo sifa zinapogeuka kuwa onyo. Mkono wa kijana ni mfupa ambao haujakomaa. Kadiri anavyokuwa hodari ndivyo anavyotumwa zaidi, na kwa kuwa yeye ni mdogo, hana ubavu wa kumwambia mkubwa wake kwamba amechoka. Ilichukua miaka mingi hata shirikisho la besiboli la shule za Japani likaweka mpaka: tangu mwaka 2020 mrushaji mmoja haruhusiwi kurusha zaidi ya mara 500 katika juma moja. Marekani, shule zao zilitakiwa kuweka mipaka ya namna hiyo kuanzia msimu wa mwaka 2017.

Na bweni lile je? PL Gakuen ilitwaa ubingwa wa Koshien mara saba. Lakini utumishi wa wadogo kwa wakubwa ulizaa fimbo, na fimbo ikazaa aibu. Mwaka 2013 timu ilifungiwa kwa miezi sita kwa sababu wakubwa walimpiga mdogo wao. Tangu mwaka 2015 haikupokea wachezaji wapya. Julai 2016 ilicheza mchezo wake wa mwisho. Timu ambayo mabingwa wa Japani hawakuweza kuifunga hata pointi moja iliangushwa na mikono ya watu wake wenyewe.

Kuwata, baada ya kustaafu mchezo, alirudi darasani katika chuo kikuu cha Waseda, akaandika tasnifu kuhusu malezi ya wachezaji. Amesema hadharani kwamba kumpiga mchezaji si kumfunza. Maneno hayo hayakutoka kwa mtu mlegevu. Yalitoka kwa mtu aliyepita katika tanuri lile akiwa na miaka 15.

Basi, ndugu msomaji, tusije tukadhani kwamba Koshien inatufundisha kuvunja ngazi za vyeo. La hasha. Kuwata aliendelea kuwa mdogo: aliinama, alifagia, alitii. Inachotufundisha ni kwamba utii wa mdogo una deni lake, na mdaiwa ni mkubwa. Anadaiwa kumpa nafasi anayeistahili, hata kama nafasi hiyo ni ya mkubwa mwenyewe. Anadaiwa kuihesabu mirusho ya mkono ambao hauwezi kujitetea. Tena anadaiwa, saa ya mwisho ikifika, kuingia uwanjani na kuimalizia kazi iliyoanzwa na mdogo wake, bila kinyongo. Mkubwa anayelipa deni hilo hapungukiwi na cheo. Ndipo kwanza anakistahili.